Mwaka Jaji Alipokuja Kunywa Chai Kanisani

Kioko alikuwa kwenye foleni ya nyama ya mbuzi katika duka la Waafrika kule Beltsville, watu wawili tu kati yetu, na nilimtambua kwa kisogo kabla hajageuka. Kisogo kile nilikitazama asubuhi nzima mahakamani miaka kumi iliyopita, nikikichukia. Sasa kina mvi. Aliponiona alicheka kama mtu aliyekuta ufunguo uliopotea. "Ndinda. Bado unabishana na kila mtu?" Nikamwambia siku hizi nabishana na wanaostahili. Akauliza kama sisi wa Maryland bado tunachagua majaji kama mtu anayechagua diwani. Yeye anaishi Manassas, ng'ambo ya mto, Virginia, ambako majaji huchaguliwa na bunge la jimbo na mwananchi haulizwi kitu. Nikamjibu kwamba karatasi yangu ya kura ilikuja kwa posta Jumatatu, na majina ya majaji yako nyuma, chini, mahali ambapo watu wengi wameshachoka kusoma. Alinunua paja zima. Wakati anafungiwa akaniuliza, bila kunitazama, "Na Mama yuko salama?" Nilichukua muda kuelewa kwamba Mama aliyemtaja ni Anti Mwikali. Mwaka ule alimwita "huyo mwanamke." Nikamwambia yuko Machakos, anafuga kuku. "Msalimie sana," akasema, akatoka. Mimi nilinunua nyama yangu nikaenda kukaa garini, na gari sikuliwasha.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu mwaka ule, na shahada ya sayansi ya siasa, na kazi ya kukaa mapokezini kwenye ghala la kukodisha vyumba vya kuhifadhia vitu. Nilikuwa nimeapishwa uraia mwezi wa pili, katika ukumbi ambao kila mtu alipewa kibendera, nami nilikuwa mtu pekee aliyemuuliza msimamizi vibendera vile vimetengenezwa nchi gani. Niliishi kwa Anti, Lanham, chumba cha chini. Kitu cha kwanza ulichokiona ukifungua mlango wa nyumba ile kilikuwa kitanda. Anti alikuwa ameondoa makochi yote sebuleni akaweka kitanda cha hospitali, kile cha kuinuliwa kwa kitufe, alichopewa na familia ya bibi mmoja Mzungu aliyemhudumia mpaka akafariki. Alikitandika mwezi wa kwanza, wiki aliyopata kiharusi mumewe, Anko Mutua. Shuka alizibadilisha kila Jumamosi ingawa hakuna aliyelala. Wageni walikunywa chai wamesimama, au wamekaa kwenye viti vya jikoni wakizunguka kitanda kitupu kama watu waliofika kumwona mgonjwa ambaye ametoka kidogo.

Anko mwenyewe alilala katika kituo cha wagonjwa, tulichokiita nasingi, mwendo wa dakika kumi. Hakuweza kusema. Mkono wa kushoto ulikuwa unafanya kazi, na macho. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye vibanda vya kioo vya utafiti wa kilimo, akimwagilia miche, na ukimletea jani lolote kutoka nje alilishika kati ya vidole viwili akaligeuza aone upande wa chini. Anti alitaka arudi nyumbani. Kazi yake ilikuwa hiyohiyo: kuwageuza wazee wa watu, kuwalisha, kuwakata kucha. Alisema hawezi kuogesha wageni mchana kutwa huku wake anaogeshwa na wageni. Lakini ili amtoe alihitaji kutangazwa na mahakama kuwa msimamizi wake, na Kioko, mtoto wa Anko kwa mke wa kwanza aliyekwisha kufariki, alikuwa ameomba awe yeye, ampeleke kituo kingine karibu na kwake, Manassas. Hoja yake ilikuwa fupi. Anti si mke. Hapakuwa na cheti, na hilo lilikuwa kweli. Walioana kwa mila, kwetu Ukambani, na mila yetu inasema ndoa ni mbuzi watatu wa ntheo, waletwe kwao msichana, wachinjwe, wazee waonje. Bila mbuzi hao, hata mkiishi miaka hamsini, ninyi ni marafiki. Kioko alisema hana habari ya mbuzi yeyote. Wazee walioonja nyama ile walikuwa wote kaburini.

Basi swali la kama Anko atalala kwenye kitanda kile sebuleni lilikuwa mkononi mwa jaji mmoja wa mahakama ya kaunti, na jina lake lilikuwa kwenye barua ya mahakama iliyobandikwa kwenye friji. Mwezi wa nne jina lilelile likaanza kuota kando ya barabara. Vibango vya plastiki, vimechomekwa kwenye nyasi, majina manne, na maneno ya kuwaomba watu wawabakize majaji waliopo. Mimi, na shahada yangu, nilikuwa sijui. Nilisoma mpaka nikaelewa: gavana humteua jaji, kisha jaji huyo, akiwa tayari ameshakaa kitini na kuhukumu watu, lazima asimame mbele ya wapiga kura kama mgombea mwingine yeyote, na wakili yeyote anayetaka kile kiti anaweza kumpinga. Mchujo mwezi wa sita, uchaguzi wenyewe Novemba. Nililipeleka jambo hilo jikoni kama mtu aliyekamata mwizi.

Jikoni alikuwapo Mzee Mushi, Mtanzania, mzee wa kanisa letu la Kiswahili, mtu aliyependa kila kitu kiwe na ajenda na wimbo wa kufungua. "Lakini mwanangu," alisema, "si ndiyo demokrasia hiyo? Sisi kule nyumbani tungempata wapi jaji wa kutuomba kura?"

"Jaji anayeniogopa ni jaji gani, Mzee?"

"Akuogope wewe? Na hiyo mishahara yako ya ghala?"

"Anaomba kura yangu. Na ya Anti. Halafu Jumanne tunaenda mbele yake tunajifanya hatujuani. Ni nini hicho kama si maigizo?"

Anti alikuwa anakanda unga. "Ndinda, toka hapo kwenye mwanga," alisema. Ilikuwa jibu lake kwa maswali yangu mengi.

Mzee Mushi alikuwa amekuja kwa shughuli hiyohiyo. Majaji walikuwa wanazungukia makanisa kabla ya mchujo, wakisalimia watu, na mmoja wao angekuja kwetu Jumapili baada ya ibada kunywa chai. Alipotaja jina, Anti aliacha kukanda, akatazama friji. Akasema pengine afadhali siku hiyo ashinde jikoni na wanaopika chapati. Mimi ndiye niliyesema hapana. Nilisema kwa nini ujifiche, huyu amekuja kuomba kazi, wewe ndiye mwajiri. Nilisema kwa sauti. Nilikuwa nimependa sana neno hilo, mwajiri.

Mama Jaji, ndivyo watu walivyomwita kuanzia dakika ya kwanza, alikuwa mwanamke Mmarekani Mweusi wa miaka hamsini hivi, na viatu vya chini, na alikaa kwenye kiti cha plastiki bila kukipangusa. Nililiona hilo nikalihesabu kuwa ujanja. Mzee Mushi aliniketisha ubavuni pa mgeni nimtafsirie kwa kunong'ona. Alisema machache: kwamba hawezi kuahidi jinsi atakavyoamua jambo lolote, na hawezi kuzungumzia kesi yoyote, kwa hiyo kama hotuba yake inachosha tumsamehe. Watu walicheka. Alikunywa chai yetu ya maziwa na tangawizi, akauliza chapati inakunjwaje. Yote yangeishia hapo. Lakini kanisa letu lilikuwa na desturi ambayo hakuna aliyefikiria kuisimamisha kwa sababu ya mgeni: kabla ya kufunga, kikombe kikiwa bado mkononi, kila mtu hutaja jina lake na hitaji lake la maombi. Mzunguko ukaanza mezani kwa kina mama. Mmoja aliombea mtihani wa uuguzi. Mwingine goti. Mimi nikinong'ona, mtihani, goti, visa ya dada, na Mama Jaji akiitikia kwa kichwa kwa heshima.

Zamu ikafika kwa Anti. Alisimama, hakumtazama jaji hata kidogo, alitazama thermos. Akasema, "Naitwa Mwikali. Mniombee mzee wangu, Mungu amrudishe nyumbani." Akakaa. Hayo tu. Ningeweza kuyasema kwa Kiingereza yakaisha, na Mama Jaji angeitikia kwa kichwa, na goti la pili lingefuata. Niliyasema. Kisha nikaendelea. Nilisema mzee huyo ni mume wake, yuko kituoni na kiharusi, kuna mtoto anamzuia asirudi, na kesi iko mbele yako Jumanne. Nilinong'ona kwa Kiingereza kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutumia. Mpaka leo sijui nilitaka nini hasa. Najiambia nilitaka kuona kama mfumo unasema ukweli kuhusu wenyewe. Najiambia pia kwamba nilimpenda Anko. Yote mawili ni kweli na hakuna linalonisaidia.

Mama Jaji aliweka kikombe chini. Hakukasirika. Alinitazama kama muuguzi anavyotazama kipimajoto, akasema taratibu, "Hilo sikupaswa kulisikia." Alisimama, akamshika Mzee Mushi mkono, akawashukuru kina mama, akatoka. Chapati yake ilibaki kwenye sahani, imeng'atwa mara moja. Watu walidhani ana kanisa lingine la kwenda.

Barua ilifika Alhamisi, na nakala yake ilikwenda kwa wakili wa Kioko. Ilieleza, bila kupamba, kwamba jaji alipokuwa katika mkusanyiko wa jamii alielezwa habari za kesi kwa niaba ya mmoja wa wahusika, na kwa hiyo anajiondoa, na kesi itapangiwa jaji mwingine. Jumanne ile tulikuwa tumeshaambiwa tusije. Tarehe mpya ilikuwa mwezi wa tisa. Tulikuwa mwezi wa tano. Wakili wa Anti, kijana aliyejitolea, alipiga simu akauliza kwa upole nani alisema nini. Anti alishika simu kwa mikono miwili. "Ni mimi," alisema. "Niliomba maombi. Sikujua angeelewa." Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alikata simu akaenda sebuleni akatandua zile shuka safi kitandani, akazifua tena. Ilikuwa katikati ya wiki.

Kuna namna ya kunyamaza ambayo kila siku inayopita inakuwa kazi zaidi. Siku ya kwanza ningesema ningezomewa. Wiki ya pili tayari ningehitaji kueleza pia ile wiki ya kwanza. Badala yake nilichagua hasira, nikaielekeza kwa Mama Jaji. Nilimwambia kila mtu kanisani kwamba yule mwanamke alikimbia maombi yetu. Mzee Mushi alinijibu kwamba yeye kwa umri wake amewahi kumwona jaji akipokea mbuzi na akipokea simu kutoka juu, lakini hajawahi kumwona akikataa kusikia. "Hilo mimi nimeliandika hapa," akasema, akigusa kifua. Nikamwambia huo ni ushabiki. Siku ya mchujo nilipiga kura yangu ya kwanza maishani, katika ukumbi wa mazoezi wa shule, nimeinama kwenye kijimeza chenye kuta za karatasi. Chagua wasiozidi wanne, iliandikwa. Nilijaza viduara vitatu kwa wino mweusi nikakiacha cheupe cha Mama Jaji. Mashine ikaimeza karatasi yangu, na mama wa mlangoni akanipa kistika cha kuonyesha nimepiga kura. Nilikibandika kwenye kioo cha mbele cha gari nikaenda nasingi.

Kiangazi kile nilienda kila siku, baada ya zamu yangu ya asubuhi ghalani. Chumba cha Anko kilikuwa na dirisha moja lililotazama maegesho, na mwenzake wa chumbani, mzee Mkongo, aliyesikiliza mpira wa Ufaransa kwenye simu na kunisalimia kwa "bonjour, mama" ingawa nilikuwa mdogo kuliko wajukuu zake. Nilimletea Anko majani. Mwaloni, mwarobaini wa kopo alioupanda Anti, kunde kutoka kwenye kiwanja nyuma ya nyumba. Alikuwa anaona upande wa chini, kisha ananirudishia, isipokuwa la kunde, ambalo alibaki nalo. Chakula chao kilikuwa laini chote, rangi moja. Anti alikuja baada ya kazi akiwa na uji kwenye chupa, na kabla ya kumnywesha alimwomba radhi, kila siku, kwa Kikamba, kama mtu anayesema sala ya chakula. Alisema mdomo wangu ndio umekuweka hapa, baba, nisamehe. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha pembeni na jani mkononi. Mara moja Anko alinitazama wakati Anti anasema hivyo, akanitazama kwa muda, na nikatoka nikaenda kununua soda ambayo sikuinywa. Hakuwa na njia ya kujua. Lakini kuna watu hawahitaji njia.

Mwezi wa tisa jaji mpya alikuwa mzee mwembamba, mwenye mafua, ambaye jina lake halikuwa kwenye kibango chochote mwaka ule. Wakili wa Kioko alianza na ile barua. Alisema mwombaji huyu tayari amewahi kujaribu kumshawishi jaji kupitia kanisa. Anti aliinamisha kichwa. Mimi nilitazama kisogo cha Kioko. Kisha yakaja mambo ya mbuzi, na jaji, akipenga pua, akaomba aelezwe tena, na tena, kwa nini watatu. Mwishowe akamgeukia Kioko mwenyewe, aliyekuwa ameapa, akamuuliza swali ambalo mawakili wote wawili walikuwa wamelizunguka mwaka mzima: yeye binafsi, siku yoyote, aliwahi kuwaona mbuzi hao wakipelekwa?

Kioko alimtazama mwandishi wa mahakama. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa," alisema. "Nilikuwa natoka kwenda kwenye usaili wa kazi Nairobi. Baba alikuwa amewafunga getini. Mmoja akala mkono wa shati langu." Akashika kiwiko chake, kama mkono wa shati bado haupo. "Nilienda usaili na shati la mkono mmoja na nusu. Kazi sikupata."

"Walikuwa wangapi?" jaji akauliza.

"Watatu, mheshimiwa."

Wakili wake alifunga faili polepole. Hakuna aliyecheka, ingawa sasa tukisimulia tunacheka. Anko aliletwa nyumbani Ijumaa ile kwa gari la wagonjwa, akaingizwa sebuleni, akawekwa kwenye shuka zilizokuwa zimemsubiri tangu Januari. Aliishi humo wiki sita. Alilala akitazama kunde dirishani. Alifariki asubuhi, Anti akimkata kucha, siku chache kabla ya uchaguzi, na Kioko alikuwa ameshafika kwa sababu alikuwa akija kila Jumamosi na siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Miezi minne niliyomchelewesha, dhidi ya wiki sita alizoishi nyumbani: hiyo ndiyo hesabu ninayoifanya bila kutaka, nikiwa naosha vyombo, nikiwa taa nyekundu. Novemba nilimpeleka Anti kupiga kura akiwa amevaa nyeusi. Alichukua muda mrefu. Garini nikamuuliza kwa majaji amefanyaje. Akasema amempa Mama Jaji. Nikamuuliza kwa nini, baada ya yote. "Toa hicho kistika hapo mbele," alisema, "kinazuia jua."

Hayo ndiyo niliyokaa nayo garini Beltsville, nyama ikilowesha karatasi. Kumpigia Anti simu sikupanga. Kule ilikuwa jioni na kuku walikuwa wanaingia bandani. Nilimpa salamu za Kioko, nikamwambia alivyomwita Mama, akasema asante. Kisha nikasema yote. Siku ya chai. Yeye aliomba maombi tu. Ni mimi niliyeongeza kesi, na Jumanne, na mtoto. Nilisema haraka, kwa mchanganyiko wa lugha tatu, kama mtu anayemwaga mfuko mezani.

"Najua," Anti alisema.

Nikamuuliza anajuaje.

"Mimi nilisema maneno mangapi pale? Machache. Nikakaa. Nikainua macho, wewe mdomo bado unaenda. Unaenda, unaenda. Nikasema, huyu mtoto anatafsiri nini, Biblia nzima?"

"Tangu siku ileile?"

"Tangu kabla huyo mama hajaweka kikombe."

Nilimuuliza kwa nini basi alimwambia wakili ni yeye. Kwa nini alimwomba Anko radhi kila siku, mbele yangu, kiangazi kizima. Nilisikia akimfukuza kuku, akifunga mlango wa banda kwa waya.

"Mimi nilikuwa natoka kazini saa kumi na mbili," alisema. "Kabla ya hapo nani angekaa naye? Ningekuambia najua, ungeona haya, usingerudi kule chumbani hata siku moja. Nakujua. Na yeye alikuwa anapenda yale majani." Waya ukakwaruza. "Kwa hiyo nilinyamaza. Halafu wewe ukanyamaza. Basi. Umenunua nyama sehemu gani?"

"Mbavu."

"Ipike leo. Usiiache garini."

Karatasi ya kura iko mezani ninapoandika haya, imefunguliwa upande wa nyuma. Majina ni manne, siyajui hata moja, na nimeamua nitakwenda wiki ijayo kukaa benchi la nyuma mahakamani, nimsikilize kila mmoja wao kabla sijashika kalamu. Kule ndani hakuna anayenong'ona; watu wote husema kwa sauti, na kuna mtu anaandika.